Furushi la PDF 300 kwa Msimbazi Mmoja? Vitabu vya Mazingaombwe ya Karata Havichaguliwi Hivyo!

Leo mnivumilie, naongea kwa ukali kidogo.

Kuna mchezo unaendelea huko mitandaoni na wengi wenu mmeshaliwa. Kijana anaona klipu ya mtu anachezea karata. Ree ya kopa inageuka kuwa shupaza, mrembo pembeni anapiga ukelele, wapambe wanarekodi. Kijana anapagawa, anauliza chini ya posti: "Kaka, kitabu gani kizuri cha kujifunzia?" Jibu linakuja fasta: "Njoo inboksi."

Inboksi kuna nini sasa? Kuna furushi. Vitabu 300 vya PDF kwa msimbazi mmoja, vyote vya Kiingereza, vingine vimeskaniwa kwa simu mpaka kidole cha mtu kinaonekana. Kijana anatuma hela, anapakua, anafungua kitabu cha kwanza, anasoma kurasa tatu, anafunga. Mwezi ukiisha karata ziko kabatini na simu imejaa.

Sitataja jina la mtu hapa. Yule kaka wa mafurushi anajijua. Yule wa "vitabu 10 bora duniani" ambaye hata kuchanga karata vizuri hajawahi kuonekana naye anajijua. Na yule anayewaambia vijana eti ukisoma mbinu zake utakula hela za watu mezani, huyo ndiye hatari kuliko wote. Nitamfikia.

Tuanze na furushi. Mtu akikupa vitabu 300 kwa mkupuo hajakusaidia kuchagua, amekutupia kazi ya kuchagua na bado amekula hela yako. Kuchagua ndiyo huduma yenyewe! Fundi cherehani hakupi maduka yote ya vitambaa ya Kariakoo akakuambia utajijua.

Halafu kuna wizi wa aina mbili humo ndani. Vitabu vingine waandishi wao wako hai na wanaishi kwa kazi hiyo. Roberto Giobbi wa Uswisi, aliyeandika Card College, bado yupo. Kumuuza kwa kuunga unga kwenye furushi ni kumwibia mchana kweupe. Vingine havina hakimiliki tena na vinapatikana bure kihalali mtandaoni, kama Modern Magic cha Professor Hoffmann, cha mwaka 1876. Anayekuuzia hicho anakuuzia maji ya mvua kwenye ndoo yako mwenyewe.

Haya, twende kwa mzee wa orodha. Orodha zote hizi zinafanana kama zimetoka tumbo moja, na juu kabisa utakikuta The Expert at the Card Table, kilichoandikwa na mtu aliyejiita S. W. Erdnase na kutoka Chicago mwaka 1902. Kitabu kikubwa, sibishi. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha Erdnase alikuwa nani hasa, na stori hiyo tu inatosha kumfanya mtu akitaje ili aonekane anajua. Mwandishi mwenyewe alikiri kwenye utangulizi kwamba anaandika kwa sababu anahitaji hela. Angalau yeye alisema wazi!

Tatizo ni kumpa mtu anayeanza. Sehemu kubwa ya kitabu kile inahusu namna wacheza kamari wanavyodanganya mezani: kuchanga kwa uongo, kugawa karata ya chini badala ya ya juu, mambo ya mikono iliyoiva. Mazingaombwe yenyewe yanakuja baadaye. Ndiyo, kina michoro zaidi ya mia moja, lakini lugha yake ni Kiingereza cha zaidi ya miaka 120 iliyopita na hakikubembelezi hata kidogo. Dai Vernon wa Kanada, mmoja wa mabingwa wakubwa wa karata wa karne iliyopita, alikisoma tangu utotoni na akaendelea kukichimbua maisha yake yote. Maisha yake yote, wadau. Leo wewe hujui hata kushika pakiti, unaambiwa uanze na hicho. Huo ni ushauri au kukomoana?

Kitabu bora siyo kile chenye jina kubwa. Kitabu bora ni kile kitakachokutoa hapo ulipo leo na kukupeleka hatua inayofuata. Mimi nachagua kwa maswali manne tu. Je, naweza kufanya mchezo mmoja kutoka humu wiki hii? Je, kinapanda ngazi, kila mbinu ikijengwa juu ya iliyotangulia? Je, kinanifundisha namna ya kuongea na watu au kinahangaika na vidole tu? Na je, nitakimaliza?

Kwa maswali hayo, njia inajionyesha yenyewe.

Kama hujawahi kabisa, anza na michezo isiyohitaji ufundi wa mikono, inayojiendesha kwa hesabu na mpangilio. Kuna Self-Working Card Tricks cha Karl Fulves cha mwaka 1976, chenye michezo 72. Kuna Scarne on Card Tricks cha John Scarne cha mwaka 1950. Giobbi naye ana Card College Light kwa kazi hiyohiyo. Chagua kimoja. KIMOJA. Mikono ikiwa haina kazi nzito, kichwa kinapata nafasi ya kujifunza kuongea na kuangalia mtu machoni.

Ukishazoea, ndiyo uende kwenye The Royal Road to Card Magic cha Jean Hugard na Frederick Braue, cha mwishoni mwa miaka ya 1940. Hiki kinaanza na kuchanga karata, jambo ambalo kila mtu anadhani analijua, halafu kila mbinu ukishaifunzwa unapewa michezo ya kuitumia palepale. Ukitaka mwalimu mkali zaidi, mwenye maelezo marefu na michoro mingi, ndipo unaingia Card College. Viko vitano, vilianzia kwa Kijerumani kabla ya kutafsiriwa. Anza na cha kwanza, vingine usiviguse mpaka kimekolea. Na kama huna uhakika kwamba karata ndiyo damu yako, Mark Wilson's Complete Course in Magic cha mwaka 1975 kina karata, sarafu, kamba na vingine, utajua mwenyewe moyo uko wapi.

Erdnase? Atakusubiri. Amesubiri tangu 1902.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Vitabu vya nini zama hizi? YouTube ipo!" Na atanitajia Shin Lim. Sawa, tumtaje. Shin Lim alishinda America's Got Talent mwaka 2018, na kweli alijifunza sana kwa kuangalia video. Hoja nzuri, siikimbii. Lakini huyo huyo alikuwa mpiga piano aliyesomea muziki. Alishajua kukaa saa nyingi na kipande kimoja mpaka vidole vitii. Video ilimkuta na nidhamu tayari. Wewe video inakukuta unaskroli.

Video ina faida yake: inakuonyesha mwendo na kasi, kitu ambacho mchoro hauwezi. Itumie, hasa ukikwama kwenye kitabu. Ila ina ugonjwa mmoja mbaya. Inakupa mikono ya mtu, sauti ya mtu na vichekesho vya mtu. Ndiyo maana vijana watano wa mitaa mitano tofauti wanafanya mchezo uleule, kwa maneno yaleyale ya Kiingereza cha Marekani, mbele ya mama ntilie anayewashangaa tu.

Chukua mfano rahisi uliomo kwenye karibu kila kitabu cha wanaoanza. Unaijua karata ya chini kabisa ya pakiti. Mtu anachagua karata yake, anairudisha juu, unakata pakiti na kuweka nusu ya chini juu ya nusu ya juu. Sasa karata unayoijua wewe imekaa moja kwa moja juu ya karata yake. Ukizifunua moja moja, ukiiona yako, inayofuata ni yake. Kwisha! Video inaimaliza kwa sekunde 40. Kitabu kizuri kinaendelea: uitazame lini hiyo karata ya chini bila mtu kuona, useme nini wakati unakata, na kwa nini usiitoe karata yake haraka haraka kama konda anayerudisha chenji. Mchezo wenyewe umo kwenye hayo maelezo.

Na kitabu hakikupi sauti, kwa hiyo kinakulazimisha utafute yako. Hapo Kiswahili kinaingia. Sisi karata siyo za kuazima jana. Jina lenyewe, pamoja na kopa, uru, shupaza na pau, limetoka kwa Wareno waliofika pwani yetu karne nyingi zilizopita, na wazee wameshazicheza barazani mpaka karata zikalainika kama kitambaa. Msomaji wa kitabu anaweza kusoma kwa Kiingereza na kusimulia kwa Kiswahili chake cha Temeke au Mombasa. Anayenakili klipu hawezi, kwa sababu amemeza na maneno.

Wanaosema "Kiingereza kitanishinda", sikilizeni. Vitabu hivi havisomwi kama riwaya. Vinasomwa kama maelekezo ya mapishi, karata mkononi, sentensi moja moja: kidole gumba hapa, karata ya juu kule. Kaeni wawili, mmoja asome na mwingine afanye, halafu mbadilishane. Kurasa mbili kwa jioni zinatosha kabisa.

Haya, sasa yule mwalimu wa "utakula hela mezani". Ndugu yangu, hapa sicheki. Kuna vijana wanatoka kwenye masomo yake wanaenda kusimama mbele ya karata tatu, ile wenzetu wa Kenya wanaiita pata potea, wakiamini wameshajua siri. Karata tatu haina siri ya kukuwezesha kushinda. Yule anayechezesha ana mikono, na wale unaowaona wanashinda ni wapambe wake. Ukiotea, wataivuruga meza au watapiga kelele "polisi!" na hela yako itaondoka na wao. Erdnase mwenyewe ameuandika ujanja huo kitabuni, na ukimwelewa vizuri hutaweka hata jero pale. Kumfundisha kijana nusu ya mbinu halafu kumpa ujasiri kamili ni kumpeleka machinjioni na kodi ya mwezi mfukoni.

Na hasara siyo hela tu. Tunaishi kwenye jamii ambayo mtu anaweza kuitwa mchawi na akapata madhara makubwa, na ambayo matapeli wa "kuzidisha pesa" wanatumia wepesi wa mikono kuwaliza watu wazima. Mwaka 1584 huko Uingereza, Reginald Scot alitoa kitabu kinaitwa The Discoverie of Witchcraft. Alikuwa anapinga watu kuteswa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na ndani yake akaeleza jinsi viini macho vinavyofanywa, karata zikiwemo. Yaani moja ya vitabu vya kwanza kabisa vya Kiingereza kueleza michezo hii kilitaka kuwafungua watu macho. Leo sisi tunatumia michezo ileile kuwafunga! Kijana anafanya mchezo, anaulizwa "umefanyaje?", anajibu "nina nguvu" kwa sababu klipu itatembea. Sema ni mazingaombwe, sema ni mazoezi. Siri ya mchezo baki nayo, ila usidanganye kuhusu nafsi yako.

Mtu aliyesoma kitabu kimoja mpaka mwisho hahitaji uongo huo. Ana michezo kumi anayoifanya akiwa amelala, anajua ipi ni ya watoto, ipi ni ya harusini na ipi ni ya mtu mbishi kijiweni. Akikosea katikati ana pa kutokea. Watu watamwita tena.

Kwa hiyo wadau, msimbazi wako usiutume inboksi. Nunua pakiti mbili za karata nzuri, tafuta kitabu kimoja kwa njia halali, kizime kisimu chako nusu saa kila jioni. Na nyie wenye mafurushi: wekeni video yenu, bila kukata, mkifanya mchezo mmoja tu kutoka kwenye kila kitabu mnachokiuza. Tukifika hata kitabu cha kumi nitashangaa.

Umeshawahi kununua furushi? Ulimaliza kitabu gani? Tupia hapo chini, na wenye hasira pia karibuni, nafasi ipo.