Shahada kwa Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba kufika mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule apate nafasi darasani. Kazi hiyo ilibebwa kwa sehemu kubwa na vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa kufundisha kwenyewe. Wako waliowacheka, na hata leo wapo. Sisi hatuwacheki. Lakini dawa ya mwaka 1977 haikukusudiwa iwe chakula cha kila siku, na ualimu wa darasa la kwanza umeendelea kuhesabiwa kuwa kazi ya yule mwenye elimu ndogo kuliko wenzake.

Leo nafasi ya kuingia shule ipo, hasa tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016. Linalotutia mashaka ni kile apatacho mtoto akishaketi. Upimaji wa Uwezo wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba, nchini kote, katika watoto kumi wa darasa la tatu ni kiasi cha watatu tu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali iliona hatari hiyo, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukarudishwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu.

Tuzitazame Tarime na Serengeti. Mtoto wa Nyamwaga huingia darasani na Kikurya, wa Robanda na Kiikoma, na wengine na Kingoreme au Kitaturu. Kiswahili wengi wao hukianza siku ile ile waianzayo herufi. Kikurya kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Kikurya hakitenganishi sauti ya L na ya R. Basi mtoto akiandika “kura” mahali pa “kula”, ameandika kwa uaminifu kile asikiacho. (Na kwa watu wa ng'ombe, “mahali” kugeuka “mahari” si ajabu hata kidogo.) Mwalimu aliyesomea jambo hili atamfundisha sikio kwanza, ndipo amfundishe kalamu. Asiyelisomea atampa kiboko, na mtoto ataamini tangu mwaka wa kwanza kwamba kusoma si kwa watu wa namna yake.

Hatusemi Kiswahili kiondoke darasani. Ndicho kilichotufanya taifa. Twasema mwalimu aijue lugha ya nyumbani ya mtoto kama fundi aujuavyo mti autakao kuuchonga.

Maarifa hayo hayapatikani katika semina ya siku chache. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza, ulifika Mara kati ya mwaka 2014 na 2020, ukawanoa walimu wa madarasa ya awali kwa mafunzo mafupi, nasi twaushukuru. Lakini fedha za mgeni huondoka na mgeni. Shahada hubaki na mwenye nayo.

Hapa ndipo penye kasoro. Sehemu kubwa ya shahada za ualimu nchini humtayarisha mwalimu wa sekondari, wa Historia na Jiografia au wa Kemia na Baiolojia. Mwalimu wa msingi akijinyima, akajiendeleza, mara nyingi hupandishwa sekondari au huketishwa ofisini. Yaani tunamlipa kwa kumwondoa pale tulipomhitaji. Mfanyakazi yeyote wa kiwandani angeshangaa kusikia kwamba fundi akishaijua mashine barabara hukatazwa kuigusa.

Twataka shahada ya pili ya kufundisha kusoma, itolewe kwa njia ambayo mwalimu wa Sirari au Mugumu hataacha watoto wake bila mtu. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa kazini, ndicho kifaacho kuianza, na Chuo cha Ualimu Tarime kiwe mahali pa kukutanikia na kujaribia. Utafiti wa mwanafunzi uwe darasa lake mwenyewe: watoto wake hukwama wapi, kwa herufi gani, na kwa nini. Akihitimu arudi darasa la kwanza na cheo na mshahara wa shahada yake. Bila sharti hili la mwisho, mengine yote ni kupoteza karatasi.

Wataulizwa wakubwa fedha ziko wapi. Tangu sheria ya madini ilipobadilishwa mwaka 2017, mwenye mgodi hutakiwa kupanga pamoja na halmashauri michango yake kwa jamii, na mgodi wa North Mara uko Tarime. Serengeti kuna Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, ambayo vijiji vyake hupata mapato ya utalii. Fedha za namna hii tumezizoea zikijenga kuta na kuezeka mabati, na kuta zahitajiwa kweli. Karo ya walimu kumi wa darasa la kwanza haitabomoa hata chumba kimoja. Twangoja kusikia madiwani wa wilaya hizi mbili watasema nini katika vikao vyao vya bajeti ijayo.