Thunder wana nafasi ya kutetea taji, na nafasi yenyewe ni msimu huu

Jumanne ijayo, Oktoba 21, wachezaji wa Oklahoma City Thunder watakabidhiwa pete zao za ubingwa wa NBA mbele ya mashabiki wa nyumbani, kisha wafungue msimu dhidi ya Houston Rockets. Kwetu huku Pwani itakuwa Jumatano saa nane na nusu za usiku, na najua wako watakaokesha. Swali linaloulizwa ni moja: je, watalitetea taji?

Tukiangalia miaka ya karibuni, jibu ni hapana. Tangu 2019 wametwaa ubingwa Toronto Raptors, Los Angeles Lakers, Milwaukee Bucks, Golden State Warriors, Denver Nuggets, Boston Celtics na sasa Thunder. Miaka saba, mabingwa saba. Timu ya mwisho kulitetea taji ni Warriors, waliolichukua 2017 na 2018.

Barazani wengi husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, yaani bingwa hulewa sifa akaacha kujituma. Mimi sikubaliani nao. Nionavyo, mabingwa hawa huangushwa zaidi na mambo mawili: majeraha na hesabu ya mishahara.

Chukua Celtics. Mwezi Mei mwaka huu Jayson Tatum alikatika kano ya kisigino wakicheza na New York Knicks, na safari yao ikaishia hapo. Msimu ulipokwisha, klabu ikawaachia Jrue Holiday na Kristaps Porzingis ili kupunguza gharama. Nuggets nao walitwaa taji 2023, wakampoteza Bruce Brown kwa sababu Indiana Pacers walimpa donge wasiloweza kulifikia. Mwaka uliofuata walitolewa na Minnesota katika mechi ya saba, tena nyumbani kwao, baada ya kuongoza kwa pointi 20.

Mkataba wa 2023 kati ya ligi na wachezaji umezidi kukaza kamba. Timu inayopita kiwango fulani cha mishahara hailipi kodi tu, bali pia hubanwa katika kusajili na kubadilishana wachezaji. Ni vigumu kuwaweka nyota wengi pamoja kwa muda mrefu.

Hapo ndipo Thunder wana bahati yao. Karibu kikosi kizima kimebaki. Kocha ni yule yule, Mark Daigneault. Shai Gilgeous-Alexander, Mchezaji Bora wa msimu na wa fainali, ana miaka 27. Hakuna bingwa aliyekuwa na kikosi chenye umri mdogo kama hiki tangu Portland ya 1977. Walishinda mechi 68 za msimu wa kawaida, kwa wastani wa karibu pointi 13 kila mechi, tofauti ambayo haijawahi kuonekana katika ligi hiyo. Ulinzi wa Luguentz Dort, Alex Caruso na Cason Wallace unachosha mpinzani yeyote.

Lakini bei inakuja. Kuanzia msimu wa 2026-27, mikataba mipya ya Jalen Williams na Chet Holmgren itaanza kulipwa. Wa kwanza unaweza kufikia dola milioni 287 kwa miaka mitano, wa pili milioni 250. Wa Shai, milioni 285 kwa miaka minne, utafuata mwaka mmoja baadaye. Msimu huu ukiisha, klabu italazimika kuamua iwapo itawabakisha Dort na Isaiah Hartenstein. Kikosi hiki kikiwa kamili hivi, pengine ni mara ya mwisho.

Wapinzani nao hawakulala. Houston wamemleta Kevin Durant, aliyewahi kuwa kipenzi cha Oklahoma City kabla ya kuondoka 2016, ingawa jeraha la goti la Fred VanVleet limewapunguza nguvu. Ninaowaogopa zaidi ni Nuggets. Waliwafikisha Thunder mechi ya saba katika mchujo uliopita, na sasa Nikola Jokic ameongezewa Cameron Johnson na Jonas Valanciunas, huku Brown akirudi.

Tusisahau pia kwamba Pacers waliwapeleka Thunder hadi mechi ya saba ya fainali, na katika mechi hiyo Tyrese Haliburton akaumia kisigino mapema. Thunder walistahili ushindi, lakini safari haikuwa nyepesi. Williams mwenyewe, aliyefunga pointi 40 katika mechi ya tano, alicheza na mkono ulioumia, akafanyiwa upasuaji Julai.

Kwa hivyo nawapa Thunder nafasi kubwa kuliko timu yoyote nyingine. Ushauri wangu kwa Daigneault ni asikimbilie tena ushindi 68. Ampe Williams muda wa kupona, ampumzishe Shai, na akubali kupoteza mechi za Januari ili afike Mei na miguu mizima. Wakifika huko wote wazima, mimi naamini taji halitoki Oklahoma.