Fizi zikitoka damu, usiache kupiga mswaki

Wadau, miezi kadhaa nilikuwa natema damu kila nikipiga mswaki. Nikafanya kama wengi wetu: nikaacha kugusa upande ule. Kosa kubwa! Ile damu ilikuwa dalili ya ukoga wenye bakteria kwenye ukingo wa fizi. Ukiwahi kuusafisha, fizi hupona. Ukiuacha, unakuwa mgumu kama jiwe, mswaki hauutoi tena, mpaka daktari aukwangue. Ukizidi kuuacha, mfupa unaoshika jino unalika, na haurudi wenyewe. Mimi nina miaka 26 na jino moja tayari linacheza. Tatizo letu daktari wa meno tunamjua kwa kung'oa tu. Jamani, twendeni mapema, kabla hajashika koleo.