Mali Bila Daftari, na Daftari Bila Mlinzi

Safari hii sina habari za sherehe wala mpira. Nataka tuzungumze juu ya daftari.

Wengi wenu mnajua kwamba Jumamosi huwa naenda Walthamstow. Nateremka mwisho wa laini ya Victoria, napita sokoni High Street kununua ndizi mbichi, halafu naingia ukumbi mmoja karibu na Hoe Street. Hapo chama kidogo cha hisani kinagawa chakula na kuwasaidia watu kujaza fomu. Wanaokuja ni wa kila namna: Wakenya, Watanzania, Wakongo, Wasomali, na Waingereza wenyewe ambao mshahara haufiki mwisho wa mwezi.

Miaka yote kumbukumbu za chama zilikaa katika kaunta buku moja. Nani kaja, kachukua nini, ana shida gani. Mwaka jana katibu alisafiri ghafla kwenda nyumbani kuzika, kumbe daftari limo mkobani mwake! Wiki tatu tuligawa vitu kwa kukisia. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi wazee wakanigeukia: "Wewe si msomi? Tuwekee kwenye kompyuta." Nasoma uchumi jamani, lakini kwa wazee wetu kila mwenye laptop ni fundi.

Nikaweka kila kitu kwenye wingu. Kwa asiyejua, wingu hili haliko juu angani. Ni kompyuta za kampuni fulani, ziko mahali fulani, nawe unazifikia kwa intaneti na nenosiri. Siwezi kudanganya, faida nilizionaga mara moja. Chama hakikuhitaji kununua seva. Watu watatu wakaweza kuandika kwa wakati mmoja. Ripoti iliyokuwa ikimchukua mhasibu wiki nzima ikatoka kwa dakika. Hata gharama si kikwazo kama zamani. Salesforce, kwa mfano, huyapa mashirika ya hisani yanayokubaliwa leseni 10 za bure. Kwa hiyo anayesema turudi kwenye kaunta buku, mie simo.

Kosa langu lilianza baada ya hapo. Programu ilikuja na fomu yake tayari, visanduku tele, na kisanduku kitupu kinakera macho. Tarehe ya kuzaliwa, anwani, idadi ya watoto, vyote nikavijaza. Mfadhili naye akataka kujua tunawahudumia watu wa hali gani, nami bila kufikiri mara mbili nikaongeza safu ya viza.

Jumamosi moja akaja mama mmoja wa makamo, tumezoeana, huniita mwanangu. Shikamoo mama, marahaba. Nikaanza kumsomea maswali ya kwenye skrini. Tulipofika pa viza akanitazama. "Mwanangu, hilo daftari lenu siku hizi linalala wapi?" Nikamwambia liko salama mama, liko kwenye mtandao. "Kwa nani?" Nikakosa jibu. Akachukua mwavuli wake akaondoka, mfuko wa chakula akauacha mezani. Mpaka leo sijamwona tena.

Ndugu zangu, swali la mama yule ni zito kuliko yote niliyoulizwa na maprofesa. Na hakuwa na woga wa bure. Mwaka 2020 wezi wa mtandaoni waliingia kwenye kompyuta za Blackbaud, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za wafadhili na wanachama wa maelfu ya mashirika. Vyuo vya hapa Uingereza viliguswa, vikiwemo York na Leeds. Kampuni ililipa fidia waliyodai wezi. Januari 2022 ikawa zamu ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu: taarifa za watu zaidi ya 515,000 zilifikiwa na wavamizi, wengi wao watu waliotenganishwa na familia zao kwa vita, maafa au uhamiaji. Kama wakubwa wale waliingiliwa, sembuse sisi ambao nenosiri letu lilikuwa jina la chama na mwaka?

Msimamo wangu basi ni huu: wingu tulitumie, lakini tuandike kidogo. Taarifa ambayo hukuiandika haiibiwi, haivuji, na hakuna wa kukushurutisha uitoe. Sheria yenyewe inasema hivyo. Kanuni zilizoanza kutumika hapa Mei 2018 zinataka shirika likusanye kile tu kinachohitajika kwa kazi yake, na zinampa mtu haki ya kuomba kuona kilichoandikwa juu yake. Nyumbani nako kumekucha: Kenya na Uganda walitunga sheria zao 2019, Tanzania 2022.

Mwenyekiti wetu alinipinga. Akasema mfadhili anataka takwimu, tukimnyima atatukimbia. Ni hoja ya kweli, ukumbi unalipiwa. Lakini mfadhili anataka idadi, hakuomba majina. Tazameni Kenya, tangu 2011 vituo vya afya vinapeleka takwimu zao kwa DHIS2, programu inayosimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa sehemu kubwa kinachopelekwa ni hesabu ya mwezi: wangapi wamechanjwa, wangapi wamekutwa na malaria. Wizara inapanga kazi yake bila kujua jina la mgonjwa. Sisi wa mifuko ya unga na maharage tunashindwa nini?

Tukakubaliana. Safu ya viza tumeifuta, tarehe ya kuzaliwa tumebakisha mwaka tu. Nenosiri kila mtu ana lake, na anayeondoka chamani anafungiwa siku hiyohiyo. Mfadhili tulimpelekea hesabu tupu, na akazipokea.

Naandika haya kwa sababu likizo inakuja na wengi wetu tutarudi nyumbani, tutaombwa na vikundi vya akina mama, vituo vya yatima na vyama vya kijijini tuwawekee "mfumo". Msikatae. Lakini kabla ya kubonyeza chochote ulizeni: hiki tunakiandika cha nini, nani ana ufunguo, na siku mtandao ukikatika tutafanyaje? Hilo la mwisho si utani. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika na Afrika Mashariki karibu nzima ikabaki inahangaika. Wekeni nakala kabatini, mfunge kwa kufuli.

Mwenyekiti bado anaona nimetia chumvi. Nanyi mkiona hivyo nijibuni toleo lijalo, nitafurahi. Ila mama yule akitokea Jumamosi moja, safari hii nitamjibu bila kigugumizi daftari linalala wapi, kwa nani, na ndani yake mna nini juu yake. Halafu ataamua mwenyewe kama aandikwe.