Mgeni Njoo, Mwenyeji Yupi Apone?

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika methali hiyo umo ukarimu wetu, na imo pia haki: baraka ya ugeni ni ya nyumba nzima, wala si ya mshika ufunguo peke yake. Hatuna budi kuuliza kama utalii unaitimiza haki hiyo.

Wapo wasemao kwamba janga halichagui tajiri wala maskini. Sisi twakataa. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wapatao 1,527,000. Mwaka 2020, ulimwengu ulipofunga milango kwa hofu ya Uviko-19, walikuja wapatao 621,000 tu. Hasara iliwagusa wote, lakini haikuwalemea sawa. Mwenye hoteli kubwa aliweza kufunga milango akasubiri. Mpagazi wa Kilimanjaro hulipwa kwa safari. Pasipo safari, hapana ujira. Wakati wa neema aliitwa nguzo ya utalii. Wakati wa dhiki akaambiwa avumilie.

Mwaka 2023 wageni walipita 1,800,000. Pamoja nao ulirudi ushindani wa bei. Kampuni ikishusha bei ya kupanda mlima, ada ya hifadhi haishuki. Kilicho rahisi kupunguzwa ni ujira wa abebaye mzigo. Ndivyo janga limpigavyo mnyonge mara mbili: linapoingia na linapotoka.

Swali hili si geni. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walianzisha mjadala gazetini: je, utalii waweza kujenga ujamaa, au watufunga kwenye mifuko ya wengine? Mwaka 2020 ulijibu sehemu ya swali hilo.

Tutaambiwa kwamba tukidai mno, mgeni atakwenda kwingine. Lakini hatumwombi mgeni sadaka. Twadai mikataba ya maandishi, ujira usiotegemea bakhshishi, na akiba ya hifadhi ya jamii inayowekwa wakati wa neema kwa ajili ya siku za dhiki. Taifa linaloonyesha mlima wake kwa fahari na kuwasahau wanaoupanda na mizigo kichwani halijauenzi utamaduni wake, limeuuza.

Nanyi walimu, mfundishapo methali hii msiishie kwenye ukarimu. Waulizeni wanafunzi: mwenyeji ni nani, na amepona?