Kufa Kufaana: Ardhi ya Mandawa Wakati wa Dhiki

"Kanunue sasa, mwalimu, watu wana shida." Nilishauriwa hivyo, kwa nia njema, na mtumishi mwenzangu wa umma kuhusu shamba la mikorosho huko Mandawa, wilayani Ruangwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: uchumi ukiyumba, fedha hupungua thamani, lakini ardhi haiozi wala haikimbii. Anunuaye wakati wa dhiki hununua kwa bei ya chini, na akisubiri hupata faida. Sikununua. Nimeona nieleze sababu, maana ushauri huo sasa wanapewa hata vijana wanaopata ajira ya kwanza.

Sikatai kwamba ardhi ni akiba. Ninachouliza ni hiki: bei hiyo ya chini imetoka wapi? Udongo haukupoteza rutuba. Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, kisha huendelea kwa miongo kadhaa. Kilichoshuka ni uwezo wa mwenye shamba kusema hapana. Tukumbuke msimu wa 2018. Wafanyabiashara walitoa bei ndogo, wakulima wakagoma kuuza, na mwezi Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wengi walisubiri malipo kwa miezi. Katika kusubiri kama huko, ada ya mtoto au gharama ya mgonjwa hutosha kuliweka shamba sokoni.

Kusini tunalo neno kangomba: kununua korosho za mkulima nje ya mfumo rasmi kwa bei ya kutupa, pengine hata kabla ya mavuno, kwa kuwa ana njaa. Biashara hiyo tumeilaani na Serikali imeipiga vita. Ajabu ni kwamba tukiacha tunda tukanunua mti pamoja na udongo wake, kwa njaa ile ile, tunaita uwekezaji. Aliyeuza korosho kwa kangomba amepoteza msimu mmoja. Aliyeuza shamba amepoteza misimu yote, yake na ya wanawe.

Nitajibiwa kwamba asipopatikana mnunuzi, mgonjwa atakufa. Ni kweli. Lakini kuna njia ya kati: kukodi shamba kwa misimu miwili au mitatu, kwa malipo ya haki na kwa maandishi mbele ya halmashauri ya kijiji. Mwenye fedha atavuna, na mwenye shamba atarudishiwa mali yake. Hata anayetaka kununua hana ruhusa ya kumalizana na muuzaji chini ya mwembe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka idhini ya halmashauri ya kijiji, nayo inapaswa kukataa uhamisho unaomnyima mwanamke haki yake ya ardhi. Mara ngapi mke huulizwa?

Mwekezaji naye ajihadhari. Jirani tu, Nachingwea, Waingereza walileta mradi wa karanga mwaka 1947, nchi yao ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Walikuwa na mitambo, fedha na haraka. Hawakuwa na subira ya kuijua ardhi. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli ya kwenda Mtwara iling'olewa. Leo kishawishi ni madini ya kinywe ya Ruangwa: mtu hununua shamba asilokusudia kulima, akingojea bei ipande au fidia ije, huku mikorosho ikimezwa na kichaka.

Wahenga walisema kufa kufaana. Walieleza jinsi dunia ilivyo. Hawakutuagiza tuifanye kuwa sera ya maisha. Mtumishi wa umma anayelipwa mshahara kwa kodi ya mkulima, kisha akamvizia siku ya shida yake, ajiulize anamtumikia nani.