Klachi Ipo, Kanyagio Ndilo Halipo

Volkswagen kuukuu lenye umbo la kobe halipiti mjini Migori bila kutazamwa. Wazee hawajasahau kwamba gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, likarudia mwaka 1957 na 1962. Langu ni la miaka ya sabini, nalo lina ajabu inayowashinda hata madereva wa matatu: mkono wa gia upo, lakini miguuni mna makanyagio mawili tu, la mafuta na la breki.

“Hili halina klachi,” mafundi huambizana. Kauli hiyo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi, kwa kuwa si kweli. Klachi ipo. Kilichoondolewa ni kanyagio lake.

Kiwanda kilianza kutoa mtambo huu mwaka 1967. Dereva akishika mkono wa gia, swichi iliyo ndani yake hufunga, umeme ukaenda kwenye vali iliyo kando ya injini. Vali hufungulia mvuto wa hewa wa injini yenyewe, na mvuto huo ndio uvutao mkono wa klachi badala ya mguu. Ukiachilia, klachi hurudi. Pia, kati ya injini na klachi kuna chombo kinachopitisha nguvu kwa mzunguko wa mafuta, ndiyo maana gari laweza kusimama likiwa katika gia bila kuzimika.

Kuishi na gari hili si taabu kama watu wadhaniavyo. Nikiwa nyuma ya trekta la miwa pale Awendo, mguu wangu wa kushoto hupumzika. Kutoka Rongo kuelekea Homa Bay, gia mbili za juu hunitosha. Ile ya chini kabisa naiwekea milima mikali. Sharti ni moja: mkono usiegemee gia, maana hata mguso mdogo huachanisha klachi. Abiria wapendao kuweka mfuko wao hapo hunitia wasiwasi kuliko mashimo ya barabara!

Hata hivyo, jina lina madhara yake. Katika gereji moja ya Homa Bay gia zilipoanza kukwaruza, mwanagenzi alitaka kushusha giaboksi nzima. Aliamini kwamba gari lisilo na klachi haliwezi kuwa na ugonjwa wa klachi. Fundi mkuu, mzee wa makamo, alipapasa mpira unaopitisha ule mvuto wa hewa, akaukuta umepasuka. Kipande kipya cha mpira kilimaliza kazi.

Sisi wanaisimu twajua kwamba neno huhama kutoka kitu hadi kingine kinachokaribiana nacho. Waingereza nao huliita kanyagio kwa jina la kifaa. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wao hukuta katika kitabu, kwa lugha anayoitumia kazini, maelezo yanayotenganisha viwili hivyo. Wetu husomeshwa kwa Kiingereza darasani, kisha hushika spana kwa Kiswahili na Dholuo, na hakuna aliyemwonyesha daraja baina ya lugha hizo. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kwa nini basi kiishie kwenye hotuba na insha?

Walimu wa vyuo vya ufundi waanze na mambo madogo: “kanyagio la klachi” liwe neno moja, “diski ya klachi” jingine, na mtihani wa darasani uulize tofauti yake. Wanafunzi wangu wa isimu, ambao hukusanya methali vijijini kila likizo, nawaomba waingie gereji pia wakiwa na daftari. Mafundi walioyajua magari haya yakiwa mapya ni wazee sasa, na mengi wayajuayo hayajaandikwa popote.